Aliyenyamaza Amekubali

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu wa miezi mitano. Barua zako mbili zilinifikia, zipo hapa mezani, na kila nilipoketi kuzijibu niliishia kuandika tarehe. Najua utasema kwamba mtu anayeweza kuandika tarehe anaweza kuandika na sentensi inayofuata.

Mimi sijambo kwa mwili. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Harufu yake nimeizoea kiasi kwamba nikienda mahali pengine nahisi hewa imepungukiwa na kitu. Mama anaendeleaje na magoti yake? Bado mnagombania redio? Mwambie nitakuja kumwona kazi ikipungua. Siku hizi nina muda zaidi wa kuandika, ndiyo maana unaiona barua hii.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile programu ya king'ora cha friji, ambayo ulitusaidia kusahihisha maneno yake? Ilikuwa kazi ya kujitolea kwa ajili ya vituo vya afya visivyoweza kununua vyombo vya bei kubwa. Kijisanduku kinabandikwa ubavuni mwa friji ya dawa au ya damu. Joto likipanda, programu yetu inaipigia simu ya zamu, tena na tena, mpaka friji itengenezwe. Tulikuwa watu kumi na wanne, kila mmoja na jina lake la utani, na wengi wetu hatujawahi kuonana.

Septemba, katika kituo kimoja kilicho mbali na hapa, friji ya damu ilikosa umeme mchana mzima na damu yote ikaharibika. Jioni yake alifika mwanamke aliyekuja kujifungua. Alitokwa na damu nyingi, na hapakuwa na ya kumwongezea. Alifariki. Mume wake amekishtaki kituo. Kituo kimejibu kwamba kilitegemea king'ora, na king'ora kilinyamaza. Kwa hiyo wakili wa mume ametuunganisha na sisi katika kesi.

Nikisema "sisi" nakosea. Walitafuta kampuni, hawakuipata. Walitafuta chama, hawakukipata, kwa sababu hatukusajili chochote. Walipata mtu mmoja tu, ambaye tovuti na seva zimeandikishwa kwa jina lake, maana lazima ziandikishwe kwa jina la mtu. Mtu huyo ni mimi. Hati ya wito nililetewa kazini, mbele ya watu.

Kompyuta yangu na simu yangu vimechukuliwa vikaguliwe, ndiyo sababu naandika kwa mkono. Tafadhali, usimwambie Mama.

Mpwa wako


23 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na stempu mbili, moja juu ya nyingine. Moja ingetosha. Mama yako hajambo, anakusalimu, na redio bado ni yake. Mimi nina kikohozi ambacho kimenizoea kuliko ninavyokizoea.

Umeandika kwamba utakuja kazi ikipungua, na papo hapo ukaandika kwamba siku hizi una muda zaidi. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji tangu ujana wangu hadi kustaafu, na sentensi mbili zisizoweza kuishi nyumba moja nazitambua. Sitakuuliza. Utaniambia mwenyewe.

Nakupa pole kwa dhati. Baada ya pole, nikukaripie. Watu wazima kumi na wanne, kila mmoja na elimu yake, wanatengeneza kitu cha kulinda damu ya binadamu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa msajili? Wauza mkaa wa soko la hapa mtaani wana katiba, mwenyekiti na muhuri, na wanachokilinda ni magunia.

Nataka majibu ya maswali haya, yaliyonyooka. Kiongozi wenu ni nani? Nani aliyefanya king'ora kinyamaze, na kwa idhini ya nani? Vilevile, nakumbuka kwamba programu ile ilikuwa na maandishi yanayosema imetolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Nayakumbuka kwa sababu niliyasahihisha mimi, pamoja na maneno yote ya kwenye skrini, nikakesha nayo mpaka mama yako akauliza kama nimepata mchumba. Maandishi hayo hayakulindi?

Ushauri wangu ni mfupi. Nenda kwa wakili, useme kila kitu, uwataje wote waliohusika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; usitegemee wenzako wauone uzito wa mzigo huu wakati umekaa kichwani mwako peke yako.

Kula. Ukiwa na mashaka huwa huli.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kikohozi. Umesema hutaniuliza, kwa hiyo nakwambia: nimesimamishwa kazi. Mkuu wa ofisi ya maji alinikalisha chini kwa upole kabisa. "Si kwamba tunakushuku, dada," akasema, "ila wewe ndiye unayetunza mitambo ya ankara za mji mzima, na jina lako limo gazetini." Nilirudisha funguo na kitambulisho. Mlinzi wa getini, ambaye kila siku alinitania kwamba nachelewa, siku hiyo alinifungulia geti kabla sijafika.

Sasa maswali yako. Kiongozi hatukuwa naye. Mwaka wa pili tulijaribu kujisajili, tukaambiwa lazima tuwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na anwani ya ofisi. Tulicheka wiki nzima. Mmoja wetu anayejiita Nyundo aliandika, "Mimi nitakuwa mweka hazina, leteni hazina." Mama Pacha naye akauliza, "Mwenyekiti atakalia kiti kipi?" Halafu kila mtu akarudi kwenye kazi, kwa sababu kazi ndiyo tuliyoipenda.

Tulikuwa na kanuni moja tu. Anayetaka kubadili kitu anaweka pendekezo mbele ya wote. Zikipita siku tatu bila pingamizi, limepita. Aliyenyamaza amekubali. Tulijivunia kanuni hiyo, Mjomba. Ilituepusha na mikutano na majungu, na kwa miaka sita haikutuangusha.

Wauguzi wa vituo vingi walikuwa wakilalamika kwamba simu inalia bila kukoma hata wakati fundi ameshaitwa. Nyundo, ambaye kwa kazi yake ni fundi wa umeme, akapendekeza kwamba simu ikilia mara tatu bila kuitikiwa, programu ichukulie kwamba imesikika, itulie kwa saa sita. Pendekezo likakaa siku tatu. Mimi nililisoma. Zilikuwa siku za ankara za mwisho wa mwezi, na nikajiambia kwamba kama lina kasoro Bundi ataiona, maana Bundi huona kasoro hata pasipo na kasoro. Nimekuja kujua kwamba Bundi naye alijiambia mimi nitaiona.

Wakili nimempata wa msaada wa kisheria. Ni mama mmoja ambaye mafaili yamemjazia chumba hadi kwenye kiti cha mgeni, kwa hiyo nilimsikiliza nimesimama. Alinieleza hivi: kikundi kisichosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Kampuni ingeshtakiwa yenyewe, na ingeanguka yenyewe. Kikundi chetu hakina mlango wa kugongwa, kwa hiyo watagonga milango ya nyumba zetu, na yeyote atakayefungua anaweza kudaiwa mzigo wote, si sehemu yake tu. Nikamwuliza kuhusu yale maandishi ya bila dhamana. Akasema, "Hayo labda yatakisumbua kituo, kwa sababu kituo ndicho kilichoichukua programu. Marehemu hakuchukua programu, mwanangu. Alikwenda kujifungua."

Anataka niwataje wenzangu ili mzigo ugawanyike. Nimekataa. Majina ninayoyajua ni mawili tu, la Nyundo na la mwingine, na sitayasema. Usiniulize sababu, Mjomba. Nakuomba kwa heshima zote.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu. Hakuandika mwenyewe kwa sababu ana shughuli.

Nilipoisoma barua yako niliiweka chini nikatoka nje, nikaogopa kuijibu nikiwa na hasira. Unaitoa shingo yako iwe ngao ya kumkinga Nyundo, ambaye hata sura yake huijui? Aliyebadilisha ni yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mtu baki.

Basi nikaenda kwa yule hakimu mstaafu anayekaa nyuma ya karakana ya magurudumu, ili anipe hoja za kukushinda. Nilimkuta anafagia mabanda ya sungura.

"Hakimu," nikamwambia, "nimekuletea kesi."

"Kesi niliacha. Siku hizi nina sungura. Nishikie huyu."

Nikamshika sungura, nikamweleza habari yako tangu mwanzo. Alinisikiliza huku anafagia.

"Hicho kikundi hakikusajiliwa popote?"

"Popote."

"Basi hakipo. Waliopo ni watu."

"Watu wapi? Aliyebadilisha?"

"Aliyebadilisha, aliyekubali, aliyenyamaza. Yeyote aliyetia mkono wake katika kazi ya pamoja. Jaji mmoja atawatenganisha, mwingine atawafunga kamba moja. Lakini mlango wa mahakama wataingia wote."

Nikafurahi, kwa kuwa ndiyo hoja niliyoifuata. Halafu nikajikuta nauliza, "Hata aliyesahihisha maneno tu?"

Akaacha kufagia. "Maneno yapi?"

"Ya kwenye skrini. Maelekezo, matangazo ya hatari, na kadhalika. Anayeyasomea kwenye simu yake, asiyejua hata kompyuta inawashwaje."

"Aliyasahihisha kwa hiari yake?"

"Kwa hiari."

"Na watu wakayatumia?"

"Wakayatumia."

"Mzee mwenzangu," akasema, "mlegeze sungura. Unambana."

Nimetembea hadi nyumbani nikiyahesabu upya mambo niliyoyaona madogo. Nilidhani nilikuwa namsaidia mpwa wangu kama mtu anavyomshikia mwenzake ngazi. Nyinyi mlinipa jina, Karani, nami nikacheka, nikalipenda, nikalitumia miaka minne. Kila pendekezo lenye maneno ya Kiswahili lilipita mikononi mwangu.

Nakuuliza swali moja, na unijibu kwa neno moja. Lile jina la pili unaloficha, ni la Karani?

Mjomba wako


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako, labda iko njiani. Naandika bila kusubiri kwa sababu sina wa kuzungumza naye. Mama Pacha amefuta kila alichowahi kuandika. Bundi aliniandikia "pole" kupitia kwa mtu, na hilo ndilo neno lake la mwisho. Simu ya Nyundo haipatikani. Katika waliokuwa kumi na wanne nimebaki mimi, na tangazo kwenye tovuti linalosema karibu, jiunge nasi.

Nilikwenda kwenye kile kituo. Wakili alinikataza, nikaenda. Nilipanda basi nikashuka nje ya ukuta mweupe uliochubuka, nikamwambia mlinzi kwamba nina miadi. Chumba cha friji ni kidogo, kina dirisha la wavu na sinki lenye bomba linalodondoka. Kijisanduku chetu bado kimebandikwa pale, na taa yake ya kijani inawaka. Muuguzi mmoja aliyeingia kunawa mikono alinitazama kupitia kioo kilicho juu ya sinki.

"Wewe ndiye mwenye king'ora?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Nilitegemea anitukane. Akaendelea kunawa.

"Siku ile nilikuwa chumba cha pili na mgonjwa mwenye degedege, mikono yote miwili imeshika. Nikaisikia simu inalia. Nikasema, ngoja. Ikalia tena. Nikasema, ngoja kidogo jamani. Ikalia ya tatu, halafu ikanyamaza." Akafunga bomba, likaendelea kudondoka. "Mwanzoni ilikuwa hainyamazi mpaka mambo yatengenezwe, si ndiyo? Basi iliponyamaza nikashukuru. Nikajua umeme umerudi."

Hakuna aliyewaambia kwamba tumebadilisha, Mjomba. Tuliandika kwenye tovuti. Nani alikuwa awaambie? Sisi sote.

Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa kujua naomba kwa niaba ya nani. Nikamwuliza anaendeleaje. Akasema, "Nafanya kazi," akatoka.

Sasa wakili wa upande wa pili ameleta njia. Nikitia sahihi tamko kwamba mimi peke yangu ndiye niliyeongoza mradi, na kwamba kila mabadiliko yalikuwa uamuzi wangu, hawatamtafuta mtu mwingine. Wakili wangu anasema nikitia sahihi hiyo sitamiliki hata kiti mpaka nizeeke, na hakuna ofisi itakayonipa tena mitambo yake niiguse. Nimepewa hadi tarehe 29 Mei.

Nataka kutia sahihi. Sioni mlango mwingine. Silali vizuri, na nikilala naisikia simu inalia, nikiamka ninyooshe mkono haipo.

Mpwa wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua zetu zilipishana. Umeniomba neno moja. Ndiyo.

Nilitamani niishie hapo, lakini utakwenda kwa hakimu wako ukatoe hesabu pungufu, kwa hiyo nakwambia lote. Nyundo huandika kama anayekimbia mvua. Pendekezo lake lilikuwa halisomeki. Lilipokufikia ulilipanga upya tangu mwanzo hadi mwisho, ukalirudisha likiwa safi, na chini yake jina la Karani. Wengine wote tulinyamaza siku zile tatu. Wewe peke yako ulijibu. Na katika desturi yetu, unaijua, anayelirudisha pendekezo likiwa safi ndiye aliyelipitia. Maandishi yako ndiyo yaliyoingia kwenye programu, neno kwa neno.

Mimi najua ulikuwa unafanya kazi yako ya kila siku. Hukuwa unajua friji inapoaje. Lakini wakili wa upande wa pili anatafuta mtu aliyesema ndiyo, na katika watu kumi na wanne ameona ndiyo moja tu. Ameniuliza mara mbili Karani ni nani. Nimesema sikumbuki.

Nyumba imeandikwa kwa majina mawili, lako na la Mama. Wakikuingiza wewe, wataingia kwenye nyumba. Mama ataenda wapi na magoti yale? Mimi sina nyumba, sina mtoto, sina hata kazi kwa sasa. Kwangu watakuta harufu ya rangi. Nikizama mimi, ninazama peke yangu. Nakuomba usifanye lolote. Usiende kwa wakili yeyote, usiandike kokote, usiniandikie hata mimi kuhusu jambo hili. Niache nitie sahihi liishe.

Mpwa wako anayekupenda


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa bado posta, nimesimama kwenye mlango, mpaka mtu mwenye kifurushi akaniambia, "Mzee, ama ingia ama toka."

Nimejitahidi kulikumbuka pendekezo lile. Sikumbuki kulisoma. Nakumbuka kulisahihisha. Nakumbuka nilivyokerwa na mpangilio wake, na nilivyoridhika nilipomaliza, nikanywa chai. Kwamba mashine iliyokuwa ikilia mpaka aje mtu sasa itanyamaza kabla mtu hajaja, hilo lilipita mbele ya macho yangu likiwa limevaa maneno mazuri niliyolivika mimi, nami sikuliona. Ningekuwa fundi ningejitetea kwamba nilikosea hesabu. Mimi nilielewa kila neno.

Umemwambia wakili kwamba humkumbuki Karani. Huo ni uongo, na umeusema kwa ajili yangu. Usiurudie. Mbele ya kiapo utakuwa kosa la pili, na la pili litakuwa lako kweli. Tamko lile nalo ni uongo, hata likiandikwa na mawakili kumi. Hukuamua peke yako. Hakuna aliyeamua, na hiyo ndiyo aibu yetu sote kumi na wanne. Hairuhusiwi kuigeuza iwe ushujaa wa mtu mmoja. Nilikuwa tayari kupanda basi kesho yake, nifike kwa huyo mama wa mafaili, nimwambie Karani ni mimi. Nilikwisha kupiga pasi shati.

Kilichonizuia ni mama yako, na hapa kuna jambo ambalo nimekuficha. Novemba aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hatembei. Kila nilipokuandikia kwamba hajambo, alikuwa kitandani, katika chumba cha mbele, nami nikiwa mpishi, mfuaji na mtumishi wake, kazi ambazo anasema nazifanya vibaya. Alinikataza kukwambia. "Ana kazi yake," akasema, "usimvuruge." Nikamtii. Kwa hiyo nilipokukaripia kwamba unaficha, nilikuwa nakukaripia kutoka ndani ya maficho yangu.

Nyumba ni yake nusu. Sikuweza kwenda kuiweka mezani mwa wakili huku mwenyewe hajui. Juzi, baada ya chakula cha mchana, nikavuta kiti nikamsomea barua zako zote, na zangu pia, kwa kuwa nakala zake huwa naziweka. Alisikiliza ameyafumba macho. Nilidhani amelala.

"Kwa hiyo," akasema nilipomaliza, "tangu Februari mnapitishana juu ya kichwa changu kama watu wanaohamisha kabati."

"Hukutakiwa kujua."

"Na nyumba yangu mlikuwa mmeshaigawa."

"Nyumba yetu. Na hatukuigawa, tulikuwa tunaiokoa."

"Yeye anataka kuiokoa kwa kudanganya, wewe unataka kuipoteza kwa kusema kweli. Mimi ninayelala ndani yake hamkuniuliza."

Nikamwambia kwamba sasa namwuliza. Nikamweleza alivyosema hakimu nilipomrudia baada ya barua yako ya mwisho: kwamba nikijitokeza, upande wangu wa nyumba utakuwa hatarini, na upande wake huenda sheria ikauacha, huenda isiuache, kutegemea jaji atakavyouona umiliki wetu. Nikamweleza pia kwamba nikinyamaza, pengine hakuna atakayemjua Karani kamwe, ila wewe utabeba yote mpaka uzeeke. Nilimwambia pande zote mbili bila kupendelea, kadiri nilivyoweza.

Akajivutia shuka kifuani. Halafu akauliza, "Na mtoto?"

"Yuko salama, ameandika tarehe ishirini Aprili, umesikia mwenyewe."

"Si huyo. Huyo ni wangu na namjua. Nauliza mtoto wa yule mwanamke. Alikwenda kujifungua. Alijifungua?"

Nikazichukua barua tena, moja baada ya nyingine, zako na zangu. Yumo muuguzi, wamo mawakili, yumo hakimu na sungura wake. Wamo Nyundo na Bundi. Kuna nyumba, tena mara nyingi. Mtoto hayumo.

"Haikuandikwa," nikamwambia.

"Mimi sikuuliza kama imeandikwa. Nimeuliza kama mtoto yu hai."

"Sijui, dada."

"Wote wawili mmesoma, na wote wawili hamjui." Akageukia ukuta, kwa taabu, na hakutaka nimsaidie. "Kaulizieni. Kama yu hai, nataka kujua ananyonyeshwa nini na nani anamlea, na huyo baba anaiendesha vipi kesi huku amebeba mtoto mchanga. Habari ya nyumba asinitajie mtu kabla sijajua hilo."

Tangu juzi hajalitaja tena, wala mimi. Nimemwogesha, nimempikia, amelalamikia chumvi.

Kwa hiyo ninakuagiza mambo mawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina hakika kama nina haki ya kukuagiza. La kwanza, usitie sahihi. Tarehe 29 haijafika. La pili, nenda ukaulize. Usimwulize wakili, atakujibu kwa namba ya faili. Mrudie yule muuguzi aliyekuwa ananawa mikono, naye atakwambia. Kama itakubidi uende hadi kwa baba mwenyewe, sijui nikushauri nini; sijui mtu husimamaje mlangoni mwa nyumba ile. Ukijua jinsi ya kusimama, niambie, maana huenda na mimi nikahitaji kusimama hapo.

Jibu siku hiyo hiyo utakayopata habari, hata kama ni mstari mmoja, na utume kwa njia ya haraka. Nitamsomea mama yako. Shati nimelitundika mlangoni, na kikohozi kimepungua kiasi cha kuniruhusu kusafiri. Yeye atakapokuwa amesema lake, nami nimesema langu, na tukalifikisha mahali pamoja, nitaketi nikuandikie hatua tuliyoamua, kabla sijamwandikia mtu mwingine yeyote.

Mjomba wako